Biskuti Nzima Ni za Watu

Katika nyumba ile biskuti nzima ilikuwa ya watu. Iliyovunjika ndiyo ilikuwa yao. Hakuna aliyeketi siku moja akaitunga sheria hiyo. Ilijitunga yenyewe tangu Mama Tanuri alipoanza kuoka na kugundua kwamba mteja akipewa sungura mwenye sikio moja hulipa nusu, au halipi kabisa, na bado huondoka amekununia. Basi sungura wa sikio moja alibaki nyumbani, na samaki aliyeungua mkia alibaki nyumbani, na twiga alibaki nyumbani karibu kila mara, maana shingo ya twiga ni balaa. Binti yao, ambaye kwa udogo wake wa mwili mtaa mzima ulimwita Chembe, alikuwa ameshatimiza miaka sita na hajawahi kula twiga mwenye kichwa chake. Huenda alidhani ndivyo twiga walivyo, kichwa kando, mwili kando.

Vibati vya kukatia wanyama hao alivikunja baba yake kwa mkono, kutoka kwenye makopo ya maziwa. Alikuwa fundi baiskeli, na karakana yake ilikuwa kibaraza cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, kwa hiyo unga wa ngano na grisi vilipigania mlango mmoja kila siku. Bibi, mama yake fundi, alishona wanasesere wa vitambaa. Kila mmoja alimpa uso wake, mwingine amenuna, mwingine anacheka pembeni, maana alisema hajawahi kuona watoto wawili wenye sura moja na haoni kwa nini wanasesere wafanane. Biskuti chini, mwanasesere juu, utepe mwekundu: hiyo ndiyo ilikuwa zawadi yao, na watu walikuja kuinunua wakiwa na watoto wa kufurahisha au wa kubembeleza.

Mama Tanuri mwenyewe hakuwa mtu wa kuketi. Alikula amesimama, alisuka nywele za mwanawe amesimama, na jirani mmoja mwenye mdomo alisema yule hata akifa itabidi azikwe wima. Mara moja tu kwa siku aliketi. Trei ya mwisho ikishatoka, alichukua sahani ya vipande akaiweka mkekani, akanyoosha miguu, na Chembe akaja kuegemea tumbo lake. Hapo walicheza mchezo wao. Mama aliinua kichwa kimoja na kuuliza, "Huyu mwenyewe yuko wapi?" Chembe akatafuta mwili unaolingana, akauunganisha, kisha wakala wote wawili, kichwa kwanza. Ukimuuliza mtoto yule raha ni nini, angekuonyesha sahani ile.

Sasa lilikuja jambo la Madam. Madam alikuwa mwenye shule ya watoto wadogo, mtaa wa juu, ile yenye ukuta uliochorwa maua na puto. Alikuwa ameonja biskuti za Mama Tanuri kwenye nyumba ya mtu, akamwita, wakaongea wamesimama getini. Siku ya kufunga muhula alitaka kila mtoto apewe boksi mbele ya wazazi wake. Wazazi wakifurahi, Mama Tanuri ataioka zawadi hiyo kila muhula, na badala ya kulipwa, Chembe atasoma pale.

Mambo ya namna hiyo hayaji mara mbili. Mwaka uliopita shule ya karibu ilikuwa imewaambia madawati yamejaa, na ile ya mbali ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu ya malori. Mwaka mmoja Chembe alikuwa ameukalia kibarazani, akichambua nati za magurudumu na baba yake. Bibi peke yake ndiye aliyeguna. Alisema shule ambayo watoto wanavaa soksi nyeupe kila siku ina watu wake, na watu wake wana mashine za kufulia. Mama Tanuri alilimeza lile neno, na likakaa.

*

Siku ya kufungasha, nyumba ilikuwa haina pa kukanyaga. Maboksi yalijaa kitanda cha bibi, yakashuka sakafuni, yakafika mlangoni. Na ndani ya maboksi, kwa mara ya kwanza tangu kibati kile kikunjwe, kulikuwa na twiga wazima. Mama Tanuri alikuwa amewashinda. Aliwakata wanene zaidi, akawaoka peke yao kwa moto wa kubembeleza, akawaacha wapoe humo humo ndani ya oveni bila kuwagusa, akizunguka jikoni ameuma kidole. Walipotoka na shingo zao alimwita mumewe aje aone, na fundi alikuja na mikono ya grisi, akasimama mbali kwa heshima.

Mama Tanuri alikuwa na desturi yake. Boksi likishajazwa alilileta sikioni akalitikisa kidogo. Likinyamaza limepita. Likisema, linafunguliwa na kupangwa upya. Yote aliyatikisa hivyo, yote yakanyamaza, akayapanga yakisubiri wanasesere na utepe. Na utepe ukaonekana hautatosha.

"Keti kwanza," bibi alimwambia, "utepe haukimbii."

"Duka linafungwa, mama." Alikuwa tayari ana kiatu kimoja mguuni na anatafuta kingine chini ya maboksi. Alimwagiza Chembe aweke mwanasesere mmoja kila boksi, taratibu, kisha ampe bibi afunge kwa utepe uliobaki.

Chembe aliuliza hizi biskuti ni za nani.

"Za watoto wa kwa Madam."

"Ni za watu?"

Mama Tanuri alikipata kiatu. Aliona mwanawe ana uso wa mtu anayeogopa shule, akataka kumtia moyo, na kwa sababu alikuwa na haraka alimtia moyo kwa maneno yaliyokuwa karibu. "Wale si watu baki tena. Muhula ujao unakaa nao dawati moja. Ni wetu wale."

"Wetu kabisa?"

"Wetu kabisa. Fanya kazi sasa." Na akatoka.

Chembe alibaki na maboksi. Alifunua la kwanza, akawaona sungura, samaki, kobe na twiga wamelala wazima kama biskuti za watu, na akaona kwamba mama yake kwa haraka zake amesahau. Basi alimsaidia. Alimvunja twiga shingoni, pale pale wanapovunjika kila mara. Alimvunja sungura sikio, samaki mkia. Kobe walimtoa jasho, kwa kuwa kobe ni mviringo na mnene na hana pa kushika. Ilibidi aweke vidole gumba viwili katikati na kubana midomo. Kila kichwa alikilaza karibu na mwili wake ili mwenyewe asihangaike kukitafuta. Juu yake akamlaza mwanasesere, akamkunjia mikono vizuri, akampa bibi. Bibi, ambaye macho yake yaliona vizuri vitu vya mbali tu na sindano aliiongoza kwa kidole, alifunga utepe na kumsifu mjukuu wake kwa utulivu. Mtoto hajawahi kufanya kazi kwa mapenzi kama siku ile.

Mama Tanuri aliporudi na utepe, alitikisa boksi moja, na jingine. Wanasesere walikuwa wamebana kila kitu. Maboksi yalinyamaza.

*

Fundi aliyapakia kwenye kreti kubwa nyuma ya baiskeli, juu ya kipande cha godoro, na hakupanda. Aliisukuma kwa mkono njia nzima, huku wateja wake wakimtania kama siku hizi anaogopa baiskeli. Kwenye kona kulikuwa na shimo linalojulikana na kila mtu. Alilizunguka kwa mbali, akapita kwenye kibaraza cha watu na kuomba radhi.

Ukumbini wazazi waliketi kwenye viti vidogo vya watoto, magoti yakiwafikia kidevuni. Mama Tanuri alisimama nyuma kabisa katika gauni lake la maana, na Chembe pembeni yake amepakwa mafuta hadi anang'aa. Madam aliongea. Alisema mwaka huu hawakutaka zawadi za dukani zisizo na moyo, wametafuta kitu kilichotengenezwa nyumbani, na mama hodari. Watu walipiga makofi, baadhi wakageuka kumtazama, na Mama Tanuri hakujua aiweke wapi mikono. Lazima isemwe kwamba kwa dakika ile alikuwa na furaha iliyokuwa inamuuma kifuani.

Kisha utepe ukaanza kufunguliwa. Kwanza zilikuja sauti za wanasesere, huyu wangu anacheka, wangu kanuna. Halafu mtoto mmoja wa mbele akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Twiga wangu amekufa." Na wa pili akasema wake pia. Akina mama wakainama juu ya maboksi. Baba mmoja mwenye tai aliinua nusu ya kobe kwa vidole viwili, akaigeuza, akauliza, "Madam, hizi tumenunua, au tumeokota?"

Hawakucheka wengi. Walicheka wachache, na hao wachache walitosha.

Madam alikuja nyuma akiwa bado ameshikilia tabasamu lake, akamwuliza kwa sauti ya chini nani ameuleta mzigo. Mama Tanuri alikuwa hasikii vizuri. Masikio yalikuwa yanampiga. Alitazama mlangoni, akamwona mumewe amesimama na kofia mkononi, suruali imefungwa kamba chini isinaswe na mnyororo, na akanyoosha kidole.

"Yule wa baiskeli," alisema.

Hakusema mume wangu. Lilikuwa jambo dogo, na lilipita haraka. Fundi alimtazama mkewe kidogo, akayatazama maboksi, kisha akamgeukia Madam. "Kuna shimo pale kwenye kona," alisema. "Mnisamehe. Kosa ni langu."

Madam alimwambia Mama Tanuri kwamba siku nyingine achague watu wa kuwapa kazi, na kwamba wataongea kesho, leo ana wageni. Wakati huo Chembe alikuwa ameponyoka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya mtoto mmoja aliyekuwa analia, ana kichwa cha twiga mkononi. "Huyu mwenyewe yuko wapi?" alimwuliza. Mtoto akaacha kulia, akatafuta. "Sasa anza na kichwa. Kichwa ndicho kitamu." Kisha akamtafuta mama yake kwa macho, ng'ambo ya viti vyote vile, akatabasamu kwa fahari. Mama yake hakuliona tabasamu lile.

*

Nyumbani Mama Tanuri alitembea. Kutoka jikoni hadi kibarazani, kutoka kibarazani hadi jikoni, bado amevaa gauni la maana. Baadhi ya maboksi yalikuwa yamerudishwa, yamerundikwa mlangoni, na kila akipita aliyapiga jicho. Fundi alikuwa amegeuza baiskeli ya mteja miguu juu na anakaza spoku ambazo hazikulegea.

Hatimaye mkewe akamsimamia mbele. Alimwuliza kama hata shimo moja linamshinda, mtu ambaye kazi yake yote ni baiskeli.

"Niliisukuma kwa mkono," alisema fundi. "Njia nzima. Shimo nililizunguka."

"Sasa pale ulisema nini?"

"Ulitaka niseme nini? Ulishaniita yule wa baiskeli."

Mama Tanuri alimgeuzia mgongo. Akaondoka, akaenda kwenye maboksi kwa sababu huko angalau kulikuwa na kitu cha kufanya. Alifungua moja, akalimwaga juu ya meza. Na hapo, alipoacha kutazama aibu na kuanza kutazama biskuti, aliona jambo. Hakukuwa na chembechembe. Biskuti iliyotikiswa njiani husagika, huacha unga chini. Hizi zilikuwa safi. Shingo zote zimekatika mahali pamoja, na kila kichwa kimelala karibu na mwenyewe. Akafungua jingine, likawa vile vile. Kisha akachukua kobe mmoja aliyebaki kwenye trei ya jikoni, akamwachia kutoka usawa wa kifua. Kobe alidunda sakafuni, akabingirika hadi kwenye mguu wa bibi, mzima.

Kobe havunjwi na barabara. Kobe huvunjwa na mkono.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa imepoa, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kelele. "Maboksi ulibaki nayo wewe."

Bibi alikuwa anashona. "Nilibaki nayo."

"Na ile shule hukuitaka."

Fundi aliweka spana chini. Akamwambia mkewe hapo aishie, lakini mkewe alikuwa ameshapata pa kuitua aibu ya siku nzima, na mtu akishapata pa kutua mzigo harudi nao. Aliuliza soksi nyeupe zilimkera nani. Alisema watu wa nje hawamjui, hawana sababu ya kumharibia, na kwamba kweli waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wameishi na watu.

Bibi alichomeka sindano kwenye kitambaa ili isipotee. "Sikuitaka," alisema. "Sikuitaka, na nikawashonea wanasesere mpaka macho yakatoa maji. Ungeniuliza kwanza, binti yangu. Kuuliza hakuna gharama." Kisha akaanza kukusanya vitambaa vyake, kimoja kimoja, akivitia kwenye mfuko wake wa safari, ule anaoubeba akienda kukaa kwa dada yake.

Chembe alikuwa mlangoni. Aliusikia ugomvi tangu mwanzo na alikuwa anasubiri mtu aseme kilichotokea, kwa kuwa kwake kilikuwa jambo jema, na jema husifiwa na wengine, si na aliyelitenda. Lakini mfuko wa safari aliujua.

"Bibi asiende," alisema. "Mimi ndiye niliyewavunjia."

Wote watatu walimtazama. Alivyolisema, ungedhani amewamenyea machungwa.

"Umewavunjia nini?" mama yake aliuliza.

"Biskuti. Ulisema wale ni wetu. Nikakuuliza, wetu kabisa? Ukasema kabisa." Akawatazama mmoja mmoja kuona kama wanaelewa, maana ilikuwa wazi. "Nzima si ni za watu? Na wewe ulikuwa umewawekea nzima. Nikawavunjia zote. Kobe walinishinda kidogo, lakini niliweza."

Mkono wa Mama Tanuri ulikuwa umeinuka. Uliinuka wenyewe, kwa mazoea ya mikono yenye haraka, ukafika usawa wa bega, ukasimama hapo bila kujua unakwenda wapi. Akaushusha. Miaka yote ile alimfundisha mtoto kutoomba biskuti ya mteja, na alijisifu kwa majirani kwamba Chembe wake hana tamaa, unaweza kumwacha na trei nzima na asiguse. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kumbe mtoto hakujifunza kutokuwa na tamaa. Alijifunza kuna watu, na kuna wao. Mama yake aliona aibu kuliko ile ya ukumbini, kwa sababu hii haikuwa na pa kuipeleka.

Akaketi. Pale pale sakafuni, kati ya maboksi, na gauni lake la maana. Jua lilikuwa bado kali nje.

Chembe alipoona mama yake ameketi, akaenda jikoni kuleta sahani.

*

Kwa bibi Mama Tanuri aliomba msamaha kabla ya chakula, amepiga magoti, na bibi alimsikiliza hadi mwisho. "Nitakusamehe," alimwambia, "lakini si leo. Leo bado panauma." Hata hivyo mfuko wa safari aliurudisha msumarini, na Mama Tanuri aliliona hilo na akashukuru.

Kuhusu Madam, fundi alikuwa na shauri lake. Shimo lipo, kila mtu analijua, na shimo halina mdomo. Waliache libebe lawama. Mtoto asitajwe, maana nani atampokea shuleni mtoto aliyevunja zawadi za watoto wote kwa mkono wake? Alisema hayo akifuta mnyororo, bila kuinua uso, na mkewe alielewa kwamba anajitolea yeye tena, kimyakimya, kama mtu anayesogea mwingine apate pa kukaa. Mama Tanuri alilala na jambo hilo na kuamka nalo.

Asubuhi alimshika Chembe mkono wakapanda mtaa wa juu. Ofisi ya Madam ilikuwa na feni inayogeuka polepole na mezani kulikuwa na mfuko wa peremende za kiwandani, za kuonjwa. Madam hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechekwa mbele ya waliomlipa, na hakulala vizuri. Alisema wazazi amewatuliza. Barabara ni barabara, kila mtu ana gari na anajua. Mama Tanuri aoke upya, maboksi yagawiwe siku ya kufungua, na nafasi ya mtoto itabaki palepale. Sharti moja tu.

"Yule mwendesha baiskeli simtaki hapa tena."

Lilikuwa jambo jepesi mno. Kilichotakiwa kilikuwa kusema asante. Mama Tanuri aliisikia asante ikiwa tayari ulimini, tena nzuri, yenye kuinama kidogo. Chembe alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, miguu haifiki chini, anatazama picha za herufi ukutani na midomo yake inachezacheza.

"Madam," alisema Mama Tanuri, "yule ni mume wangu."

Madam alimtazama.

"Ni mume wangu, na hakuanguka shimoni. Alisema vile kwa sababu mimi nilimkana mbele yako." Basi akaeleza yote, akiwa amesimama, akipindapinda ukingo wa mtandio wake. Alieleza sheria ya nyumba yao. Ilipotoka nje ya nyumba sheria ile ilisikika vibaya kuliko alivyotegemea, na katikati ya maelezo alitamani angeshikilia lile shauri la shimo.

Madam alimgeukia mtoto. Alimwuliza kwa nini alivunja biskuti zile nzuri.

"Nzima haziliwi," alisema Chembe.

"Haziliwi na nani?"

"Na sisi."

Feni ilizunguka. Madam alimtazama Mama Tanuri, na Mama Tanuri akatazama sakafu, iliyokuwa imesuguliwa vizuri. Kisha Madam akasema aliyoweza kusema. Ile kazi ya kila muhula imekufa. Wazazi wamechagua peremende za mfukoni, zilizozibwa, na hilo hawezi kulirudisha. Lakini hawa watoto wanadai maboksi yao. Yakija, Chembe atasoma muhula mmoja, na atayagawa yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Baada ya hapo, tutaona.

Tutaona haijazi sufuria, lakini Mama Tanuri alishawahi kupewa hapana, na alijua tofauti. Akasema sawa. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kusema kweli na ulimi ulikuwa bado una moto, akaongeza kwamba atakayeyaleta ni mume wake.

"Apitie mlango wa mbele," alisema Madam, akifungua droo. "Wa nyuma una tope."

*

Waliporudi oveni iliwashwa hata kabla ya mtandio kuvuliwa. Muhula mmoja ni mfupi, na baada yake mtu atalazimika kuanza tena kubisha milango. Hayo yote Mama Tanuri aliyajua huku anakanda, na mikono yake ilikanda kwa ghadhabu. Fundi aliacha karakana akaja kukinyoosha kibati cha twiga, kilichokuwa kimejipinda. Mkewe alimwambia aliyoyasema ofisini.  Fundi alikipiga kibati nyundo ndogo mbili tatu zisizohitajika, kisha akauliza avae shati gani siku hiyo. Bibi alikuwa bado hajasema mengi, lakini alikuwa ameanza mwanasesere mpya, na huyu alikuwa amevaa soksi nyeupe.

Twiga waliiva alasiri, kwa moto wa kubembeleza. Waliachwa wapoe humo humo ndani ya oveni, na Mama Tanuri alizunguka ameuma kidole. Walipokuwa tayari alivuta trei, akawachunguza mmoja mmoja, akamchagua aliye bora kuliko wote, mwenye shingo ndefu iliyonyooka na masikio mawili. Huyu angewekwa juu kabisa ya boksi ili mteja amwone kwanza.

Akamwita Chembe, akamwekea mkononi.

"Chukua. Ni yako."

Chembe aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama mbele. Akaigeuza, akaitazama nyuma, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akapitisha kidole shingoni polepole akitafuta ufa. Alitafuta kwa makini, kwa uso wa fundi, kama baba yake anavyotafuta pancha. Kisha akamwinulia mama yake macho.

"Imeharibika wapi?"

 Mama Tanuri aligeukia oveni, akaifungua, akaifunga, ingawa hapakuwa na kitu ndani.

"Haijaharibika," bibi alisema kutoka kitandani kwake, bila kuacha kushona. "Kula upesi, kabla mama yako hajampata mteja."

Fundi alicheka kwa pua. Chembe aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, na alipoona hakuna anayenyoosha mkono kumpokonya, akachuchumaa kando ya meza na kuanza kula. Hakuanza na kichwa. Alianza na miguu, akapanda kidogo kidogo, akiishika shingo kwa vidole viwili ili isije ikavunjika.